Muulize Fundi: EL84 ya kulia inawaka kama kaa la moto

SWALI: Shikamoo Fundi. Nimejiundia amplifaya ya valvu, zile taa za kioo za kukuza sauti: ECC83 moja ya hatua ya kwanza kwa pande zote mbili, na EL84 moja ya kusukuma spika kila upande. Kushoto kunaimba vizuri. Kulia huanza vizuri, lakini baada ya dakika kama kumi sauti inakwaruza na bamba lililo ndani ya EL84 linakuwa jekundu. Nilizibadilishana hizo EL84, wekundu ukabaki kulekule kulia. Nikanunua mpya, nayo vilevile. Rezista za kathodi, sehemu ya valvu inayotoa elektroni, ni omu 150. Ya kushoto inasoma volti 7.2, ya kulia huanza 7.5 na kupanda hadi 12. Anodi, yaani yale mabamba, zina volti 245. Kapasita nilizitoa kwenye redio ya zamani, nikazipima kwa mita, hazina shoti. Ninunue EL84 nyingine?

JIBU: Marahaba. Usinunue. Izime, na usiiwashe tena mpaka umalize kusoma hapa.

Kazi ngumu umeshaifanya. Ulipozibadilishana valvu na ugonjwa ukabaki kulia, ulizisafisha valvu zako jina. Na namba ulizoniandikia zinasema mengi. Kushoto, 7.2 ukigawa kwa 150 unapata miliampea 48. Mbele ya volti 245 hiyo ni takriban wati 11, na EL84 inaruhusiwa wati 12 kwenye anodi. Iko sawa. Kulia, volti 12 ni miliampea 80, karibu wati 19. Hata ukitoa sehemu ndogo inayopitia gridi ya pili, bamba limebebeshwa mzigo usio wake. Lazima liwe jekundu.

Sasa, nani ameufungua mlango? Kapasita ya kathodi ingeshoti, ungesoma sifuri pale kwenye rezista, si 12. Kwa hiyo natazama gridi ya kwanza, wavu unaodhibiti umeme unaopita ndani ya valvu. Hiyo inatakiwa ikae kwenye volti sifuri, ili kathodi iliyo juu yake kwa volti 7 iizuie valvu. Kati ya gridi hiyo na anodi ya ECC83, yenye volti mia na zaidi, kuna kapasita moja tu, ile inayopitisha muziki na kuzuia umeme wa DC. Ikivuja mikroampea 10 pekee, zikapita kwenye rezista ya gridi ya kiloomu 470, gridi inapanda volti 4.7. Kizuizi kimekwisha.

Mita yako haikukudanganya, ila iliulizwa swali dogo. Inapima omu kwa volti chache za betri. Kapasita iliyozeeka inaweza kutulia hapo na kuvuja ikikutana na volti 150. Tena uvujaji huongezeka kadiri inavyopata joto, ndiyo maana unangoja dakika kumi. Niliwahi kuunguza EL84 mbili nzima kwa kapasita kama hizo za redio iliyotupwa, na uchungu wake sijausahau.

Hakikisha hivi. Zima, chomoa waya ukutani, kisha mwaga umeme uliobaki kwenye kapasita kubwa za pawa kwa rezista ya kiloomu 10 yenye mwili mkubwa, mpaka mita isome karibu na sifuri. Nakuomba sana usiruke hapo. Umeme huo unaua hata kifaa kikiwa kimezimwa. Pima kwanza omu kati ya pini namba 2 ya soketi ya kulia na chasisi: usipopata karibu kiloomu 470, rezista ya gridi imekatika au haikulehemiwa vizuri. Ikiwa nzima, toa EL84 ya kulia, funga mita kwa klipu hapohapo kwenye volti DC, ndipo uwashe, mikono ikiwa mbali. Spika ya kushoto ibaki imeungwa. Transfoma ya spika haipendi kuachwa bila mzigo. Volti za pawa zitapanda kidogo kwa kuwa valvu moja haipo, basi hakikisha kapasita za pawa zinazimudu.

Subiri robo saa. Ikisoma nusu volti na kuendelea kupanda, mwizi umemkamata. Weka kapasita mpya ya plastiki, mikrofaradi 0.1, volti 400 au 630, na ubadilishe ya kushoto pia, maana zimetoka redio moja.

SWALI: Amplifaya yangu ya valvu inavuma hata sauti ikiwa chini kabisa. Nianzie wapi?

JIBU: Sikiliza mvumo wenyewe. Mnene na laini, wa hezi 50, mara nyingi hutoka kwenye waya za hita za volti 6.3, zile zinazopasha valvu joto. Zisokote pamoja, zilaze kwenye kona ya chasisi, na kama transfoma haina ncha ya katikati, unga rezista mbili za omu 100, moja kila upande wa hita, zikutane kwenye ethi. Mkali zaidi, wa hezi 100, unatoka kwenye pawa baada ya daraja la diodi: kapasita ya kuchuja imechoka, au ethi yake imeungwa pamoja na ethi ya ingizo. Kisha zima, toa valvu ya kwanza, uwashe tena. Mvumo ukinyamaza, ulikuwa unaingilia pale; ukibaki, tafuta kwenye hatua zinazofuata baada yake.