Brosha 500, simu 2 tu: nakosea wapi?

SWALI: Asalaam alaykum anti. Mimi ni kijana wa Bububu, Unguja, natembeza wageni mashamba ya viungo kule Kidichi. Mwezi wa sita nimeprinti brosha 500 nikaziweka risepsheni za hoteli za Mji Mkongwe na nyingine nikapeleka Nungwi, hadi leo nimepigiwa simu mbili tu. Brosha inaanza hivi: "Sisi ni kampuni iliyosajiliwa kisheria, tumejipanga kukupa huduma bora, za uhakika na za kipekee." Picha ni nzuri, karatasi inang'aa. Tatizo nini anti?

JIBU: Waalaykum salaam mdogo wangu, na pole kwa hela ulizoziweka hapo.

Hiyo sentensi ya kwanza ndo tatizo lenyewe. Isome tena ukijifanya mgeni ameshuka ngazi kunywa chai, hakujui, ana siku nne Zanzibar, anataka kujua atafanya nini leo mchana, wewe unamwambia umesajiliwa! Kusajiliwa ni jambo zuri, liweke nyuma kabisa chini kwa herufi ndogo pamoja na namba ya leseni. "Huduma bora za kipekee" futa kabisa, maana jirani yako ameandika hivyo hivyo na anayefuata naye pia, mgeni hana cha kushika.

Sasa wewe una vitu vya kushika mpaka vinamwagika na hujaandika hata kimoja. Mzizi wa mdalasini ukiukwangua unanuka kama dawa ya mafua ya kuchua kifuani, mgeni anayejua mdalasini wa kopo tu hawezi kuamini. Kungumanga ikipasuliwa unaiona ile basibasi nyekundu imeizunguka kama wavu. Mzingifuri, ule wenye mbegu za rangi nyekundu, unapaka mdomoni palepale kama lipstiki. Afu Kidichi kuna yale mabafu aliyojenga Sultani Seyyid Said mwaka 1850 kwa ajili ya mkewe wa Kiajemi, kampuni ngapi zina hilo njiani? Hayo ndo maneno ya brosha, unayasema kila siku kwa mdomo ukiwa shambani na wageni wanacheka na kupiga picha, ila ukikaa kuandika unageuka afisa wa serikali. Fanya hivi, siku ukiwa na wageni rekodi sauti kwenye simu yako, usiku sikiliza pale walipouliza maswali mengi, andika hayo kwanza.

Kitu kingine watu wengi hawakijui. Brosha ikishapangwa kwenye ile stendi ya risepsheni, kinachoonekana ni juu tu, chini kote kumefunikwa na brosha za mstari wa mbele. Wewe nina hakika juu umeweka logo. Logo ishushe, juu weka ahadi, mfano: "Matembezi ya muda wa saa 3 shambani Kidichi: nusa, onja, kisha ule pilau ya viungo ulivyoviona mtini." Mgeni ashajua wapi, muda gani, atapata nini, hata hajaivuta.

Ndani sasa, A4 iliyokunjwa mara mbili ina kurasa sita, usizijaze zote maneno. Andika bei. Najua mnaogopa kuandika bei eti mgeni atakimbia, kwa maoni yangu anakimbia zaidi akihisi atapigwa, kwa hiyo andika bei na kilichomo ndani yake: usafiri wa kwenda na kurudi, chakula, matunda, mtembezaji. Saa ya kuchukuliwa hotelini. Namba ya WhatsApp ianze na +255, ukiandika 07 mgeni mwenye laini ya kwao hakupati. Na kile Kiingereza mpe mtu anayekijua akisome kabla ya kuprinti, kosa moja kwenye jalada linamfanya mgeni awe na wasiwasi hata na gari lako.

Safari hii usiprinti 500. Printi 50, weka hoteli mbili, na kila anayepiga muulize kimevutia nini.

SWALI: Anti shikamoo, natengeneza keki Dodoma, nataka kuandika kwenye kipeperushi "keki tamu kuliko zote Dodoma", ni sawa?

JIBU: Marahaba mwanangu. Hapana, kila muokaji anasema hivyo na mteja ashazoea kuliruka hilo neno. Niambie kitu ambacho mteja akikisoma anaweza kukihakikisha mwenyewe: unaoka asubuhi ya siku ya sherehe, unapeleka mpaka mlangoni, oda unapokea mpaka saa ngapi, jina la mtoto unaandika bure. Kama keki yako inakaa siku tatu bila kukauka, weka hiyo juu kabisa, mama mwenye sherehe Jumamosi anaelewa thamani yake mara moja.