Kabla ya kukubali kiti kwenye bodi ya shirika la mikoko

Ndugu, umeeleza kwamba shirika linalopanda mikoko pwani ya Tanga limekuomba ujitolee kuwa mjumbe wa bodi, nawe unahofia kubeba mzigo usioujua. Omba kwanza katiba, mihtasari ya vikao na hesabu zilizokaguliwa, kwa kuwa Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali ya mwaka 2002 inalitaka shirika kuwasilisha taarifa kila mwaka kwa Msajili, na mambo yakiharibika ni bodi itakayoulizwa. Ukipewa visingizio badala ya nyaraka, shukuru na uage.

Mimi ningekazia zaidi miche yenyewe. Idadi iliyopandwa hutangazwa kwa mbwembwe. Wewe uliza mingapi ingali hai baada ya miaka 2, maana mche uliochomekwa kwenye tope linalofunikwa na maji muda mrefu mno hufa, hata kama ulipandwa na mgeni rasmi. Nenda ukajionee maji yanapokupwa, na uwasikilize wavuvi wa hapo. Kuhusu posho, kurudishiwa nauli ni halali, ila mjumbe anayetaka kuliuzia shirika miche hana budi kutangaza maslahi yake na kutoka kikaoni suala hilo linapoamuliwa.