Usifute hizo video: kwa mwenye DVD za jubilei ya wazazi

Usifute kitu. Nilikuwa nasoma swali lako la namna ya kuchoma video za jubilei ya wazazi wako kwenye DVD, huku nakunywa chai, nikafika pale ulipoandika "nikishachoma DVD nafuta kwenye laptopu maana imejaa, halafu Jumamosi namrudishia mpiga video kadi zake", kikombe nikakiweka chini. Hayo mengine uliyouliza, programu ya bure, menyu yenye picha za wazazi, nakala sita za ndugu wa Dar, yatasubiri. Kwanza hilo.

Mimi niko Moshi. Krismasi ya 2012 tulipanda Kibosho ukoo mzima. Bibi alikuwa amepita miaka tisini. Baada ya misa alikaa kwenye kigoda chini ya migomba, baba mdogo akawasha kamera, bibi akaanza kutaja watu: nani alimzaa nani, kihamba kipi, yaani shamba la ukoo, kilitoka kwa nani, ule mfongo, mfereji wa maji, unaopita nyuma ya nyumba ulichimbwa na akina nani. Saa moja na nusu. Mwishoni kabisa akataja watoto wake wawili waliokufa wadogo, kwa majina. Baba yangu alikuwa hajawahi kuyasikia majina hayo. Sote tulinyamaza, na hakuna aliyeandika, kwa sababu kamera ilikuwa inarekodi.

Januari nikapeleka ile video ichomwe DVD kwa fundi mmoja pale Majengo. Akachukua diski kutoka kwenye rundo lisilo na hata jina la kiwanda, akaweka spidi ya juu kabisa, 16x, akajaza diski hadi ukingoni. Baada ya dakika chache kompyuta ikaandika kwamba kazi imekamilika. Nikamuuliza, tuijaribu? Akanijibu, "Kaka, ikishaandika imekamilika ndiyo imekamilika, hii ni kompyuta siyo mwanadamu. Futa kadi, itumike kwenye harusi." Nikafuta. Kadi ikaenda kurekodi send-off mbili. Kwenye laptopu nako nikafuta.

Machi bibi akafariki. Siku ya kumaliza matanga tukatoa sebuleni ile deki ya baba, watu wamejaa mpaka barazani, wengine wamesimama dirishani. Video ikaenda vizuri dakika ya kwanza, ya thelathini, ya sitini. Ilipofika ya sabini na nane, bibi kainua mkono, picha ikaganda vipande vipande vya mraba. Deki ikawa inakwaruza tu ndani. Shangazi akasema labda ina vumbi, tukaitoa tukaifuta na kanga. Ikaganda palepale. Mara tano palepale.

Huyo fundi bado nina hasira naye mpaka leo, na sioni sababu ya kuificha. Kukosea si tatizo, sote tunakosea. Yeye alimwambia mtu afute kitu kisichorudi, kwa uhakika wote, wakati kukagua kungemchukua dakika kumi. Nilipomrudia akaniambia deki yetu ndiyo mbovu. Nikaipeleka diski kwenye deki tatu na kompyuta nne. Deki zote mbovu mjini, diski yake tu ndiyo nzima?

Baadaye nikajifunza kilichotokea. DVD huchomwa kuanzia katikati kwenda nje, kwa hiyo mwisho wa video hukaa ukingoni. Kwenye diski duni, rangi ile inayochomwa na mwanga wa leza mara nyingi ni mbaya zaidi hukohuko ukingoni, na ukichoma kwa spidi ya juu unazidisha. Ndiyo maana ukijaribu diski kwa kutazama dakika mbili za mwanzo utaona kila kitu ni salama. Umetazama pale ambapo haiharibikagi! Na ule ujumbe wa "imekamilika" maana yake ni kwamba mashine imemaliza kuandika. Kama kilichoandikwa kinasomeka, hilo ni swali jingine, na programu hailijibu mpaka uiambie ilijibu.

Kwa hiyo, mdogo wangu, programu. Kama una Windows chukua ImgBurn. Ni ya bure, toleo lake la mwisho ni la 2013 na bado inafanya kazi. Wakati wa kuiweka soma kila ukurasa, maana kifurushi chake huwa kinakuja na takataka za watu wengine. Ondoa tiki kote. Mwenye Linux ana K3b au Brasero, hizo hazina usumbufu. Lakini jina la programu si kitu kikubwa. Kwenye ImgBurn, dirisha la kuchomea lina kisanduku kimeandikwa Verify. Kiwe na tiki, siku zote. Ikimaliza kuchoma inasoma diski upya tangu mwanzo hadi ukingoni na kulinganisha na ulichoiandikia. Ukiona fundi anaondoa tiki hiyo ili kuwahi mteja mwingine, chukua kadi zako uondoke.

Spidi weka 8x. Diski nzima ni kama dakika nane hadi kumi, na kukagua karibu hivyohivyo. Usijaze. Boksi limeandikwa GB 4.7 lakini Windows itakuonyesha 4.37, kwa sababu inahesabu kwa 1024 badala ya 1000. Wewe ishia kwenye 4, huo ukingo uache mtupu. Jubilei ikiwa ndefu, igawe diski mbili. Na Windows yenyewe ikikuuliza kama unataka kuitumia diski kama flashi, kataa, chagua ile ya kuchezea kwenye deki. Karatasi ya gundi juu ya diski usibandike, inaiyumbisha ikizunguka.

Halafu hata Verify ikipita, peleka diski kwenye mashine nyingine, ya jirani, ya kanisani, yoyote isiyo yako, usogeze mpaka dakika tano za mwisho na uzitazame kwa macho yako. Zote tano. Hapo ndipo unaruhusiwa hata kufikiria kufuta, na mimi ningekuambia nunua kwanza hard disk ya nje uweke nakala ya pili.

Mwaka uliofuata kijana mmoja alinisaidia kwa programu ya Linux inaitwa ddrescue, inayorudia kusoma pale palipogoma tena na tena. Tuliiacha usiku kucha kwenye kompyuta tatu tofauti. Tukapata dakika tano kati ya kumi na mbili. Majina hayamo. Baba anakumbuka moja lilianza na N.

Umesema kadi zinarudi kwa mwenyewe Jumamosi, na leo ni Alhamisi. Kutoka kwenu Sakina, Arusha, mpaka mjini kuna hard disk za kutosha madukani. Mpigie mpiga video sasa hivi, mwombe wiki mbili, mlipe kitu kama ana kazi nyingine. Akikataa, nunua hard disk kesho asubuhi, mwaga kadi zote humo, fungua faili moja moja utazame mwisho wake kabla hujamkabidhi. Umeshafuta chochote? Kama umefuta kwenye kadi hata faili moja, usirekodi kitu juu yake, itoe kwenye kamera utuandikie humu tujue.