Barua kwa Mwanangu: Kuhusu Ule Mkataba wa Miaka Miwili

Mwanangu,

Umeniuliza uchukue ule mkataba wa miaka miwili wa utafiti baada ya uzamivu, wa kutathmini sera za serikali, au uingie wizarani kwenye ajira ya kudumu. Mama yako amenisihi nijibu kwa ufupi.

Msimamo wangu umeusikia tangu utotoni: sera hupimwa kwa kulinganisha yaliyotokea na yale ambayo yangetokea isingekuwepo. Mexico walilijua hilo walipoanzisha Progresa mwaka 1997, fedha kwa akina mama wanaopeleka watoto shule na kliniki. Waligawa vijiji kwa bahati nasibu: 320 vikaanza, 186 vikasubiri. Serikali ilipobadilika mwaka 2000, mpango ulinusurika, kwa sababu ushahidi ulikuwepo.

Yule dada mtafiti aliyekuwa akila kwetu Jumapili hakupata bahati hiyo. Mafunzo ya ajira kwa vijana yalikuwa yameshaanza, takwimu za mwanzo hakuna. Ofisi nzima ilikuwa ikishangilia kwamba wahitimu wamepata kazi. Yeye akauliza: na waliokosa nafasi je? Akachimbua stoo fomu za usaili, akalinganisha waliopita kwa alama moja na walioanguka kwa alama moja. Vijana wa aina ileile! Na walioanguka nao walikuwa wamepata kazi, karibu sawasawa. Sijawahi kuona kazi safi kama ile.

Mkataba wake ukaisha kabla ripoti haijajadiliwa. Kwenye kikao hakukuwa na wa kuitetea, ikaingia kabatini, na kibali cha kuichapisha hakikutoka. Mafunzo yakaongezewa bajeti. Hadi leo linanichoma.

Kwa hiyo nenda wizarani, ukae na ripoti yako hadi mwisho? Ndivyo nilivyotaka kuandika. Lakini swali lile lisingeulizwa na mtu anayesubiri kupandishwa cheo. Liliulizwa na mgeni. Narudia, mwanangu: yangetokea nini isingekuwepo? Anayelipwa na sera yenyewe hulikwepa swali hilo. Hata hivyo mgeni huondoka.

Sitakuamulia, ingawa natamani sana. Ila usisaini kabla hujajua data ni za nani, kama utachapisha hata matokeo yakiwaudhi, na kama mkataba unafika siku ya kuwasilisha ripoti. Nitumie nakala tuisome pamoja, hasa kile kipengele cha kibali.

Baba yako