Kabla ya pikipiki, tafuta fundi

Boxer, TVS, Honda, zote zitakufikisha. Atakayekufilisi au kukuokoa ni yule anayezifungua.

Wa kwetu Tandika yuko chini ya mwembe: kibanda cha mabati, udongo mweusi kwa oili, benchi la bodaboda wanaosubiri na wengine wasiosubiri chochote. Ukifika na malalamiko yako hashiki spana. "Iwashe kwanza, mwanangu." Anapiga resi kidogo, anasikiliza, anaangalia ekzosi. Moshi wa bluu maana yake oili inaungua ndani. Ringi za pistoni hizo, au sili za valvu. Kisha anachomoa plagi na kukuwekea kiganjani uione mwenyewe. Ikiwa ya kahawia, injini inakula vizuri. Ikiwa na masizi makavu, petroli inazidi, kabureta iguswe. Ikilowa oili, anza kuhesabu hela.

Mpime wako hapo hapo. Anayetamka "injini imekufa" kabla hajaiwasha, muage kwa heshima.

Spea nazo zina mambo yake. Kariakoo kuna orijino na kuna feki, na sisi wengine tukiziangalia hatuoni tofauti hata ya boksi. Wetu anakuandikia kwenye karatasi, unakwenda kununua mwenyewe. Ukimtuma, anarudi na risiti. Kifaa cha zamani anakukabidhi. Ila cheni na sproketi, yale magurudumu ya meno yanayoshika cheni, hakubadilishii kimoja kimoja, na ndipo wateja wanapomwona mbishi. Yuko sahihi: cheni mpya ikikaa kwenye meno yaliyochongoka, haikai muda. Nilinung'unika, nikalipa.

Oili, ya uzito wa 20W-50 kwa pikipiki nyingi za kazi, imwagwe injini ikiwa na joto kidogo ili uchafu utoke nayo. Valvu ni kinyume, zinapimwa injini ikiwa ya baridi, kwa hiyo muachie jioni uchukue asubuhi. Fundi anayepima valvu wakati injini bado inaunguza mkono ana haraka na hela yako tu.

Na mlipe, jamani. "Nitakutoa kesho, fundi" za kila wiki ndizo zinazowachosha mafundi wazuri.

Halafu usiende asubuhi na mapema. Muda huo ni wa bodaboda wanaokimbizana na hesabu ya bosi, na hawatakupisha. Nenda saa nane mchana, utahudumiwa kwa nafasi na maswali yako yote atakujibu.