Datsun 240Z iliyolala miaka: pesa ya kwanza iende wapi

Mkuu, hongera sana kwa hiyo Z, gari la michezo la Kijapani. Nimesoma maelezo yako na kuzitazama picha kwa makini. Gari la 1972, limekaa bandani Tanga kwa miaka, injini inawaka, pedali ya breki inazama, rangi imevimba mbele ya magurudumu ya nyuma, na kwenye foleni mshale wa joto unapanda. Fundi wako anataka kushusha injini, mdogo wako anataka lipigwe rangi, wewe roho iko kwenye rimu, na pesa haitoshi vyote. Nami ninayo 240Z ya mwaka huohuo. Niliipata ikiwa katika hali inayokaribiana na hiyo, kwa hiyo nakujibu kwa yale niliyoyapitia nayo.

Kwa ufupi: kwanza liweze kusimama, kisha lisiungue, kisha lisiendelee kuoza. Mbio na urembo vitasubiri. Na muda wote huo gari libaki limefungwa, liweze kutoka bandani kwa nguvu zake. Hili nalisisitiza kwa sababu nimeziona Z nzuri zikiuzwa zikiwa ndani ya maboksi: mwenyewe alianza na injini, akaona bora aguse na giaboksi, fundi wa bodi akasema tung'oe vioo, pesa ikakata katikati, na hakuna tena anayekumbuka bolti ipi ilitoka wapi. Fungua kazi moja, imalize, funga, endesha kidogo, ndipo ufungue nyingine.

Breki ndiyo kazi ya kwanza, kabla hujanunua kitu kingine chochote. Mbele una diski, nyuma ngoma, na masta silinda ina vyumba viwili, kimoja kwa magurudumu ya mbele na kingine kwa ya nyuma. Pedali ikizama polepole huku mguu umeikanyaga, na huoni oili inayovuja popote, mara nyingi ni raba za ndani ya masta zimechoka na oili inapita pembeni yake. Ikipungua kwenye kikopo, fungua ngoma za nyuma. Zile silinda ndogo ndizo huwa za kwanza kuvuja kwenye gari lililolala. Funua kile kifuniko cha mpira kwa bisibisi ndogo. Ukikuta unyevu ndani, badilisha silinda zote mbili hata kama ya upande wa pili ni kavu.

Usisahau mipira ya breki, ile inayoshuka kutoka kwenye bodi kwenda kwenye gurudumu. Kwenye gari langu gurudumu la mbele kushoto lilikuwa linashika. Fundi alifungua kalipa, akasafisha pistoni, akafunga, bado linashika. Tulitoka nalo mwendo mfupi, tukasimama, nikasogeza kiganja karibu na rimu bila kuigusa: kulia pamepoa, kushoto joto linanifikia. Tukalinyanyua gari, tukakanyaga breki na kuachia, gurudumu likagoma kuzunguka. Tulilegeza nati pale bomba la chuma linapokutana na mpira, hakuna kilichobadilika. Tukalegeza skrubu ya kutolea hewa kwenye kalipa, oili ikaruka na gurudumu likaachia palepale. Presha ilikuwa imenaswa upande wa chini wa mpira. Kwa nje ule mpira ulikuwa mzima, bila ufa hata mmoja. Tulipoupasua kwa kisu, njia ya ndani ilikuwa imevimba hadi ikabaki kama tundu la sindano. Mguu una nguvu ya kusukuma oili ipite pale, lakini kalipa haina nguvu ya kuirudisha. Kwa hiyo mipira yote ya zamani nunua mipya, usiikague.

Oili yenyewe mwaga yote. Oili ya breki hunyonya unyevu wa hewani, na hewa ya Tanga unaijua. Siku utakayoshuka kutoka Lushoto kwenda Mombo na kona zile, breki zikipata moto, maji yaliyomo kwenye oili yatachemka na kuwa mvuke, na mvuke unabanwa. Pedali itafika sakafuni na gari halijapunguza mwendo. Weka oili ya breki ya daraja la DOT 4 ya kawaida, toa hewa magurudumu yote, anza na lililo mbali na masta.

Matairi yanakwenda pamoja na breki. Soma tarakimu nne za mwisho kwenye ule msimbo unaoanza na herufi DOT ubavuni mwa tairi (si ile DOT ya oili): 2309 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2009. Msimbo wenye tarakimu tatu ni wa kabla ya 2000, hilo tairi ni la kutupa hata kama kashata ni nzima. Hapa ndipo rimu zako zinapoingia mapema kuliko ulivyotarajia. Gari lilitoka kiwandani na rimu za inchi 14 na tairi za upana wa 175. Ukitaka kwenda inchi 15, amua sasa, usije ukanunua matairi mara mbili. Mashimo ya rimu ni manne kwa milimita 114.3, kipimo kilichotumika kwenye magari mengi ya Kijapani, kwa hiyo hutakosa. Angalia tu rimu isije ikagusa shokapu kwa ndani au fenda kwa nje.

Sasa moto, na hapa naomba uwe mkali hata kwa fundi unayemwamini. Kwenye injini ya gari hili, iitwayo L24, kabureta na ekzosi viko upande mmoja. Kabureta mbili zimekaa juu, bomba la ekzosi liko chini yake. Petroli inayodondoka kutoka kwenye mpira mkavu au kabureta inayofurika haina pa kwenda isipokuwa kwenye chuma cha moto. Badilisha kila mpira wa petroli kuanzia tangi hadi kabureta, weka klampu mpya na filta mpya. Tangi ni la kushusha. Petroli ya miaka imegeuka utomvu na kutu ya ndani itaziba kila utakachokisafisha mbele. Ukilisikia gari likinuka petroli ndani wakati mabomba ya chini yote ni makavu, toa paneli za nyuma karibu na tangi utafute mipira ya kupumulia mvuke. Kwangu ilikuwa inavunjika mkononi. Kama ni harufu ya moshi, kagua mpira wa mlango wa nyuma, maana Z ikiwa kwenye mwendo huvuta moshi wake yenyewe kupitia pale.

Umeme wa gari hili una udhaifu wake unaojulikana. Umeme wa taa kubwa hupita moja kwa moja kwenye fyuzi boksi na swichi ya usukani, hakuna rilei, ile swichi ya umeme inayobeba mzigo wa taa badala ya swichi ya mkononi. Ukifunga balbu kali zaidi, plastiki inayeyuka. Fungua kifuniko cha fyuzi uone kama kuna klipu iliyogeuka rangi ya kahawia, na ukute kama kuna mtu ameweka waya au karatasi ya sigara mahali pa fyuzi. Rilei mbili za taa pamoja na waya unaotoka moja kwa moja kwenye betri ni kazi ya bei ndogo sana ukilinganisha na hasara inayozuia. Wakati unasubiri, funga swichi ya kukata betri, na ukilaza gari, kata.

Kutu nitakaa nayo kidogo, kwa kuwa ndiyo inayoua hizi gari, na picha zako zimenitia wasiwasi. Z haina chesisi ya kujitegemea, bodi ndiyo chesisi, na bati lake ni jembamba. Ile rangi iliyovimba mbele ya gurudumu la nyuma imeanza kuoza kutoka ndani, unachokiona nje ni mwisho wake. Sehemu za kutazama kwa mpangilio: bati chini ya betri, ambako asidi hushuka hadi kwenye reli (zile boriti za chuma zinazobeba bodi) na ukuta wa injini, reli mbili ndefu chini ya sakafu, vizingiti chini ya milango, sehemu shokapu za nyuma zinaposhika, shimo la tairi la akiba, na njia ya maji chini ya kioo cha mbele, ambayo majani huiziba. Toa zulia lote. Chukua sumaku uizungushie kitambaa laini na uipitishe kwenye bodi. Isiposhika, hapo kuna puti, ule udongo wa kuzibia mashimo kabla ya rangi. Chukua bisibisi ugonge reli, usiogope. Chuma kizima kinalia, kilichooza kinanyamaza na bisibisi inaingia.

Kipimo kingine nilichofundishwa na fundi mzee wa bodi: fungua mlango wa dereva na uufunge taratibu, tazama nafasi kati ya mlango na nguzo ya nyuma. Kisha weka jeki kwenye kizingiti karibu na gurudumu la mbele, nyanyua kidogo, tazama tena. Nafasi ikibadilika, au mlango ukigoma kufunga, kizingiti na reli havishiki tena. Hapo mipango yote inageuka: kuchomelea kunakuja mara tu baada ya breki, na gari lisipande barabara kuu hadi kazi hiyo iishe. Nafasi isipobadilika, una muda. Kwangua, paka dawa ya kutu, paka praima, ziba maji yasiingie, na uchomelee sehemu kwa sehemu kadiri mfuko unavyoruhusu. Mtu akikuambia atafunika kwa bati jipya juu ya lililooza, mkatalie.

Kuhusu kuchemsha. Silinda hedi ni ya aluminiamu, bloku ni ya chuma. Joto likizidi, hedi inapinda na gasketi inaachia. Kwa hiyo usiliendeshe likichemsha hata hadi dukani. Safisha rejeta, badilisha mipira yake, kagua mkanda na pampu ya maji. Kisha fungua nyumba ya themostati. Uwezekano ni mkubwa utakuta haipo, maana mafundi wengi huku huing'oa wakiamini nchi ya joto haiihitaji. Rudisha ya nyuzi 82. Bila hiyo injini haifiki joto lake asubuhi na silinda zinalika. Na weka kulanti, siyo maji ya bomba, aluminiamu haivumilii.

Fundi anayetaka kushusha injini mwombe kwanza apime kompresheni, injini ikiwa na moto, plagi zote nje, kabureta wazi. Silinda ya chini isipungue asilimia 80 ya iliyo juu kuliko zote. Ikipungua, tia oili kidogo ndani ya ile dhaifu upime tena: ikipanda ni ringi, isipopanda ni valvu au gasketi. L24 ni injini ngumu, na nyingi zinazosemwa zimekufa zinahitaji marekebisho tu. Fuata mpangilio huu: tapeti kwanza, yaani nafasi ya valvu, milimita 0.20 kwa valvu za kuingiza na 0.25 kwa za kutoa, injini ikiwa baridi. Kisha pointi za distribyuta, kati ya 0.45 na 0.55, hakikisha waya za plagi zimefuata mpangilio wa kuwaka wa silinda, 1-5-3-6-2-4, kabureta ziwe za mwisho. Anayeanza na kabureta anarekebisha kasoro za vitu vingine. Na kabla hajazigusa, fungua vile vifuniko vya juu ya kabureta uone kama kuna oili ndani. Ikikosekana, gari hujikwaa ukikanyaga ghafla, na watu wamebadilisha kabureta nzima kwa hilo.

Kuna mchangiaji hapo juu amesema hili ni gari la Safari, halihitaji kubembelezwa. Ni kweli 240Z ilishinda East African Safari mwaka 1971 ikiendeshwa na Edgar Herrmann na Hans Schüller, na 1973 kwa Shekhar Mehta na Lofty Drews, na ndiyo sababu wengi wetu huku tunalipenda kuliko gari lolote la michezo. Lakini yale yalikuwa magari ya timu ya kiwanda, bodi imeimarishwa, na mafundi wanawasubiri njiani na vipuri. La kwako limetoka bandani na raba za miaka hamsini.

Miguu, yaani sehemu zinazobeba magurudumu na usukani, nitapita haraka. Kagua boli jointi, raki endi na ile kapuli ya mpira kwenye mhimili wa usukani. Vikiwa na mchezo, badilisha sasa. Bushi za nyuma ziache kwa leo. Zile pini ndefu za mikono ya chini hukwama kiasi cha kuhitaji preshi, na ukiigusa kazi hiyo bila kujiandaa gari litakaa juu ya stendi miezi.

Vipuri vya injini visikutishe. Injini ya L28 iliyokuwa kwenye Nissan Patrol za miaka ya 1980 ni ndugu ya L24, kuna vitu vinaingiliana. Usinunue kwa jina, nenda na cha zamani mkononi mkilinganishe dukani.

Rangi iwe ya mwisho kabisa, kwa kuwa kila kazi niliyoitaja, hasa kuchomelea, itaiharibu. Ukishaliweka kwenye stendi, toa betri na sahani yake, osha kwa maji yenye magadi, kausha, kisha piga picha ile reli ya chini yake na vizingiti vyote viwili uziweke hapa. Nikiziona nitakuambia kipi cha kuchomelea kidogo na kipi cha kukata na kubadilisha.