Furukombe ananimalizia sato vizimbani

SWALI: Shikamoo babu. Nina vizimba viwili vya sato huku Kayenze, Ilemela. Kwenye mkuyu ulio ufukweni kuna kiota cha furukombe wawili, wale wa vichwa vyeupe. Siku hizi ameongezeka wa tatu, kahawia mwenye mabakamabaka, nadhani ni aina nyingine. Juzi mmoja amenyakua sato mbele ya macho yangu nikiwa nalisha. Mwenzangu anasema tukate mkuyu, au tuwategee samaki mwenye sumu. Unashaurije?
Mfugaji, Kayenze

JIBU: Marahaba, mjukuu wangu. Habari ya sumu iishie hapo hapo. Nilipokuwa navua Luchelele, jirani alitega nyama ya sumu kwa ajili ya fisi. Fisi sikumwona, ila mbwa wangu nilimzika. Na wewe unataka kuiweka juu ya maji unayofugia! Mwaka 1999 Ulaya ilisimamisha kununua samaki wa Ziwa Victoria letu hili kwa sababu ya watu waliokuwa wakivua kwa sumu. Shida ilitupata hata sisi wa ndoano.

Huyo wa tatu ni mtoto wao. Kichwa hakiwi cheupe mpaka afikie miaka minne au mitano hivi. Jike ndiye mkubwa kwa umbo. Hutaga mayai mawili mara nyingi, huyaatamia kama wiki 6, na kinda hukaa kiotani zaidi ya miezi miwili. Kiota hicho hicho watakirudia, wakiongeza vijiti. Ukikata mkuyu watahamia mti wa jirani, nawe utabaki unalisha samaki juani.

Sasa tuje kwa sato wako. Furukombe hapigi mbizi. Huja chini chini, ananyoosha miguu na kumkwapua samaki aliye karibu na uso wa maji. Nyayo zake zina vijiba vikali kama msasa, hata samaki mwenye utelezi hachomoki. Wewe unamwaga chakula cha kuelea, sato wote wanapanda midomo juu; hapo si umemwandalia karamu?

Mzigo ukimzidi kilo mbili hivi, kupaa kunamshinda. Siku moja nilimwona kakamata sangara mzito, akagoma kumwachia. Alilala juu ya maji akipiga kasia kwa mabawa mpaka ufukweni, kama mzee aliyeishiwa petroli. Nyavu zangu niliziacha nikimtazama tu.

Lakini akishashiba, sehemu kubwa ya siku yuko tawini. Kwa hiyo kama wanaopotea ni makumi kwa makumi, mwizi wako ni mwingine. Zamia ukague wavu wa chini usije ukawa umetoboka. Mwangalie na mnandi, yule mweusi anayeanika mabawa juu ya nguzo. Huyo ndiye mpiga mbizi. Na kama furukombe anapata samaki hata saa ambazo hulishi, basi una sato dhaifu wanaoelea. Mwite afisa uvuvi apime hewa ya maji kabla hujamlaumu ndege.

Kinga yake ni wavu wa juu. Tumia uzi mnene unaoonekana, uuvute ukaze kama ngoma, uinuliwe juu ya maji ili kucha zisifike. Usije ukatandika timba, zile nyavu za uzi mmoja mwembamba wa plastiki. Kwanza zimepigwa marufuku ziwani, pili hazionekani, na ndege mwenye mabawa ya mita mbili akinasa humo utamnasuaje? Kucha zile nimeziona kwa karibu, sikutamani kuziona tena.

Tena kumuua bila kibali ni kosa chini ya Sheria ya Wanyamapori ya 2009. Akiendelea kukusumbua hata baada ya wavu, nenda kwa afisa wanyamapori wa wilaya, kisha uniandikie kilichotokea. Na sato wanaonyakuliwa asubuhi wahesabu wewe mwenyewe, usimwachie huyo mwenzako.